Shajara ya mradi: kupolishi rangi ya gari kwa mashine na mpangilio wa hatua zake

Jumatatu. Hali ya gari na lengo la kazi

Gari ninaloshughulikia ni saluni nyeusi ambayo rangi yake imechakaa kwa kuoshwa vibaya kwa muda mrefu. Likiwa kivulini linapendeza, lakini likipigwa na jua uso mzima huonyesha mikwaruzo midogo isiyohesabika inayouzunguka mwanga, na juu ya buti kuna alama za kinyesi cha ndege kilichokula klia, lile tabaka la juu kabisa la rangi. Sikusudii kufuta kila mkwaruzo. Ninachotaka ni kuurudisha weusi na mng'ao wake huku nikibakiza klia ya kutosha kwa miaka inayokuja. Nimeamua kuandika kila hatua kwa zamu yake kwa sababu, kwa maoni yangu, kazi hii huharibiwa na mpangilio mbovu mara nyingi zaidi kuliko inavyoharibiwa na mashine duni au dawa dhaifu.

Ni vyema kueleza kwanza kile kinachopolishiwa. Rangi ya gari la kisasa huwa na tabaka kadhaa: juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote klia, ambayo haina rangi bali hutoa mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya miale ya jua. Kwa magari mengi yaliyotoka kiwandani jumla ya tabaka hizo huwa kati ya mikroni 100 na 150 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Kupolishi ni kuipunguza klia hiyo mpaka ufike chini ya mikwaruzo, na kilichoondolewa hakirudi. Kwa hiyo mpangilio mzuri ni ule unaokufikisha kwenye matokeo unayoyataka kwa kuondoa kiasi kidogo iwezekanavyo.

Katika kazi hii kuna mielekeo miwili inayopingana, na watu wengi huichanganya. Wakati wa kujaribu, unaanza na dawa na pedi laini kabisa, kisha unapanda kidogo kidogo kuelekea zilizo kali mpaka uone matokeo. Wakati wa kazi yenyewe, unaanza na ile kali uliyoichagua kisha unashuka kuelekea laini. Anayeanza kujaribu kwa dawa kali hatajua kamwe kama ile ya kati ingetosha, na atakuwa ameshalipia jibu hilo kwa klia.

Jumanne. Kuosha na kuondoa uchafu ulioshikamana

Nilianza na magurudumu, kwa kuwa maji yake machafu hurukia fenda na milango. Yakioshwa mwisho huurudisha uchafu kwenye bodi iliyokwisha kusafishwa. Baada ya hapo nilipuliza mapovu gari zima, nikayaacha yalegeze vumbi, nikasuuza, kisha nikaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, nikienda kutoka paa kushuka chini. Sehemu za chini ya milango na nyuma ya magurudumu niliziosha mwisho kwa kitambaa chake pekee, maana huko ndiko mchanga unakojificha.

Gari lililooshwa halijawa safi kwa kiwango cha kupolishi. Ukivaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya boneti, utahisi chembe ndogo ambazo macho hayazioni. Hizo ni lami, utomvu, na chembe za chuma zinazotoka kwenye breki na kujichimbia ndani ya klia. Mpangilio nilioufuata ni huu: dawa ya lami kwanza, kwa sababu tone la lami linaweza kuwa limezifunika chembe za chuma na kuizuia dawa ya chuma isizifikie, baadaye dawa ya chuma, ambayo hugeuka zambarau pale inapokutana na chembe hizo, na mwishoni udongo wa kusafishia rangi pamoja na kilainishi chake kingi. Dawa hizo mbili hazipaswi kupakwa kwenye bati lenye joto wala kuachwa zikauke, na kila moja huondolewa kwa maji mengi kabla ya nyingine kuanza.

Wapo wanaoanza moja kwa moja na udongo kwa kuwa unaondoa yote mawili. Ni kweli unaondoa, lakini unaondoa kwa kuziburuta chembe za chuma juu ya klia, na kila chembe inayoburutwa huacha mstari. Dawa zikitangulia, udongo unabaki na kazi ndogo. Hata hivyo, udongo wenyewe huacha ukungu wa mikwaruzo myepesi, hasa kwenye rangi nyeusi, na ndiyo maana nafasi yake ni kabla ya kupolishi na si baada yake. Kipande kikianguka chini hakirudishwi kwenye gari; hutupwa.

Baada ya udongo niliosha tena ili kuondoa kilainishi, nikakausha kwa taulo, kisha nikatumia kipuliza hewa kutoa maji yaliyojificha nyuma ya vioo vya pembeni, kwenye vitasa, kwenye taa na chini ya mipira ya madirisha. Hatua hii si ya kupuuzwa. Tone moja linaloteremka mlangoni wakati mashine inafanya kazi huipunguza nguvu dawa na kuleta uchafu katikati ya eneo safi.

Jumatano. Kupima unene na kuziba kwa tepu

Vipimo vya unene vimechukuliwa sehemu nyingi za kila paneli, si sehemu moja. Paa limetoa mikroni 105 hadi 115, boneti imekuwa karibu na 120, buti karibu na 110, na milango mitatu iko katika kiwango hichohicho. Mlango wa nyuma wa kushoto umetoa kati ya 230 na 260, jambo linaloonyesha kwamba uliwahi kupakwa rangi upya. Usomaji ungefika mikroni mia kadhaa zaidi ningeshuku puti ya kujazia mabonde chini yake. Bampa zote mbili ni za plastiki, na kipimo cha kawaida hakiwezi kuzisoma kwa kuwa hutegemea chuma kilicho chini ya rangi.

Namba hizi zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kipimo kinaonyesha jumla ya tabaka zote, wala hakisemi klia peke yake ni ngapi. Mlango wenye mikroni 250 unaweza kuwa na klia nyembamba juu ya rangi nene, na anayejiona salama kwa sababu ya namba kubwa anaweza kuitoboa klia kwenye mlango huohuo. Mimi nazitumia namba hizi kulinganisha paneli na paneli, na kujua ni wapi nisiguse zaidi ya mara moja.

Tepu ya karatasi ilifuata, na nafasi yake ni baada ya kuosha na kupima, kwa kuwa tepu haishiki vizuri kwenye paneli yenye unyevu na hunyanyua uchafu uliobaki pembeni. Nimeziba mipira, plastiki zisizo na rangi, nembo, na matundu ya dawa ya kioo. Polishi ikikauka kwenye plastiki yenye vinyweleo huacha weupe usiotoka kwa urahisi. Nimeziba pia kingo za paneli na migongo ya mikunjo ya bodi, kwa maana rangi ilipokuwa mbichi ilikimbia migongo hiyo ikaacha tabaka jembamba, wakati pedi, kwa upande wake, huikandamiza migongo hiyo kuliko mahali pengine popote.

Alhamisi. Eneo la majaribio

Siku hii haikusogeza kazi mbele hata paneli moja, na bado ndiyo niliyoipa muda mwingi kuliko zote. Nilichagua eneo la sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, mahali tambarare penye unene unaoeleweka na panapoonekana vyema chini ya taa, nikalizungushia tepu ili nione tofauti kati ya ndani na nje.

Mashine ninayotumia ni ile inayozunguka huku ikiyumba, yenye myumbo wa milimita 15. Ile ya mzunguko mmoja hukata, yaani huondoa klia, haraka zaidi, lakini hukusanya joto mahali pamoja na huacha hologramu, yaani alama za pedi zinazotembea pamoja na mwanga, na gari jeusi haliwezi kuzificha. Anayeitumia anapaswa kuiweka mwanzoni kabisa mwa mpangilio, ili mashine ya kuyumba ije baadaye na kufuta alama zake.

Jaribio la kwanza lilikuwa pedi laini ya sponji na polishi nyepesi. Mng'ao uliongezeka, mikwaruzo ilibaki. Katika jaribio la pili nilibadilisha pedi tu, nikaweka ya ugumu wa kati, dawa ikiwa ileile. Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati ni sharti, kwani ukibadilisha pedi na dawa kwa pamoja hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Kiasi kikubwa cha mikwaruzo myepesi kiliondoka, ila mistari mirefu ilibaki wazi. Jaribio la tatu, pedi ya kati pamoja na kompaundi, yaani dawa kali ya kukatia, liliondoa karibu yote isipokuwa mistari michache ambayo kucha hukwama ndani yake. Mkwaruzo unaokwamisha kucha kwa kawaida umekwenda chini kuliko inavyofaa kuufuata, nami nimeamua kuiacha mistari hiyo ibaki. Sikuendelea hadi pedi ya maikrofaiba, ambayo hukata zaidi, ingawa ningeweza, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana.

Naona inafaa nieleze namna kila jaribio lilivyofanywa, kwa kuwa majaribio yanayofanywa kwa namna tofauti hayalinganishiki. Pedi mpya hupakwa dawa kidogo uso wake wote ili isianze ikiwa kavu, baadaye matone manne madogo yanatosha. Dawa husambazwa kwa mwendo mdogo wa mashine, ndipo mwendo hupandishwa. Mkono unasogea polepole, kiasi cha sentimita tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia; mapito yanabadilishana, moja la kwenda juu na chini, lingine la kulia na kushoto, mpaka yatimie manne au matano. Nimechora mstari wa kalamu kwenye bamba linaloshikilia pedi. Mstari huo ukionekana unazunguka, pedi inakata. Ukisimama huku mashine inatetemeka, nimekandamiza mno au nimeinamisha pedi, na pito hilo halihesabiki.

Baada ya kila jaribio nilifuta eneo kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayehukumu kazi yake kabla ya kuyaondoa anahukumu mafuta. Kitambaa cha kufutia kiwe laini na kilichoshiba, kwa sababu kusugua kikavu kwenye rangi nyeusi huzaa mikwaruzo mipya.

Mlango uliopakwa rangi upya niliufanyia jaribio lake peke yake, na matokeo yalithibitisha kwamba ilikuwa lazima. Kompaundi iliyofaa kwenye boneti iliacha ukungu wa kijivu mlangoni, dalili kwamba klia yake ni laini zaidi. Pale, pedi ya kati na polishi nyepesi zilifanya kazi yote. Gari moja linaweza kuwa na rangi mbili zenye tabia tofauti, na mpangilio mmoja hauwezi kulazimishwa juu ya zote mbili. Nilichunguza pedi pia: haikubeba weusi wowote. Ingegeuka nyeusi, ningejua kwamba rangi haina klia au kwamba klia imekwisha mahali hapo.

Ijumaa na Jumamosi. Hatua ya kukata

Kuna namna mbili za kupanga kazi kuanzia hapa. Ya kwanza ni kumaliza paneli moja kwa hatua zote, kukata kwa kompaundi na kusawazisha kwa polishi nyepesi, ndipo uende paneli inayofuata. Ya pili ni kukata gari zima kwanza, kisha kurudi mwanzo na kusawazisha gari zima. Nimechagua ya pili, na sababu yake kuu ni vumbi. Kompaundi ikifanya kazi hutoa unga mwembamba unaosafiri, na unga huo ukitua kwenye pedi laini au kwenye paneli iliyokwisha kusawazishwa, chembe moja kali inatosha kurudisha mistari niliyoiondoa. Sababu ya pili ni nidhamu ya vifaa: pedi za kukatia, taulo za kukatia na chupa ya kompaundi zote huondolewa kwenye eneo la kazi kwa pamoja, na hakuna nafasi ya kuchanganya.

Namna ya kwanza ina hoja yake. Gari likihitajika kutoka kabla kazi haijakamilika, paneli zilizofanywa zitakuwa kamili. Lakini kwa gari linaloweza kukaa mahali pamoja mpaka mwisho, sioni sababu ya kuichagua.

Mpangilio wa paneli ulikuwa paa, boneti, buti, fenda, nusu za juu za milango, nusu za chini, nguzo za madirisha, na bampa mwisho. Vumbi hushuka, kwa hiyo kazi nayo inashuka. Sehemu za chini ziliachwa nyuma kwa sababu nyingine pia: hata baada ya kuoshwa, huko ndiko kuna uwezekano mkubwa wa punje ya mchanga iliyosahaulika, na pedi iliyoikamata punje hiyo isiguse boneti. Kila paneli iligawanywa katika maeneo yasiyozidi lile la majaribio, na katika kila eneo pedi kubwa ilitangulia, ile ndogo ya milimita 75 ikafuata kwenye kona ambazo kubwa haikufika, yote yakiwa ndani ya hatua hiyohiyo ya kukata.

Pedi ilisafishwa kwa brashi baada ya kila eneo. Hii ndiyo kazi inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoeleza kwa nini paneli ya mwisho ya gari huwa haifanani na ya kwanza. Pedi hujaa klia iliyokatwa na dawa iliyochoka. Badala ya kukata inakuwa inaburuta. Ikilowa au kupata joto katikati hubadilishwa, ikaachwa ipumzike, na nyingine ikachukua nafasi.

Bati la bonetini hutawanya joto, plastiki ya bampa haitawanyi. Nilishusha mwendo wa mashine kwenye bampa na kupunguza mapito, nikigusa kwa kiganja kila mara. Kwenye paneli za chuma nilitumia kipimajoto cha infraredi na sikuruhusu uso uzidi nyuzi 50 za Selsiasi, kiwango ambacho ni cha tahadhari yangu mwenyewe na kimenitosha.

Alama za kinyesi cha ndege kwenye buti zilipewa mapito mawili ya ziada. Kingo zake zimelainika, vitovu vyake bado vinaonekana ukiinamisha taa. Kusugua kwa msasa wa maji wa P3000 kungeweza kuziondoa, lakini buti ilianza na mikroni 110, na baada ya kukata inasoma pungufu ya hapo kwa mikroni tatu hivi. Nimeziacha.

Jumapili. Usafi kati ya hatua mbili

Gari limepulizwa kwa hewa, likasuuzwa na kukaushwa. Tepu zilizobeba unga zimevuliwa na kubandikwa mpya. Sakafu imelowanishwa na kufagiliwa, taulo za kukatia zimetiwa katika ndoo yake mbali na zile za kusawazishia, na mashine yenyewe imefutwa, kwa maana unga hujificha kwenye matundu yake ya hewa na kutoka baadaye.

Jumatatu ya pili. Kusawazisha

Pedi laini na polishi nyepesi, kuanzia paa tena, kwa mpangilio uleule. Polishi niliyonayo ni ya chembe zinazovunjika kadiri zinavyofanyiwa kazi, hivyo ni lazima ifikishwe mwisho wake, mpaka ibaki utando mwembamba unaoona ndani yake. Ukisimama mapema unaziacha chembe zikiwa bado kubwa, na ukungu unabaki. Zipo dawa nyingine ambazo chembe zake hazivunjiki, na hizo humalizika pale unyevu wake unapoisha. Asiyejua yake ni ya aina gani hawezi kujua lini asimame. Pito la mwisho katika kila eneo nilifanya kwa mwendo mdogo na bila kukandamiza, uzito wa mashine pekee ukitosha.

Mlango wa nyuma wa kushoto, ambao haukupitia kompaundi, ulifanyiwa pito hili kwa pedi laini kuliko zote. Nilitoa gari juani kwa muda mfupi ili kukagua, kwa kuwa taa yoyote ina pembe isiyoifikia. Weusi umerudi kwenye boneti kiasi kwamba kingo za mawingu zinasomeka ndani yake, na hologramu hakuna. Kwenye fenda ya kulia palibaki ukanda wenye ukungu kando ya taa, ambao niliurudia kwa pedi ndogo.

Jumanne ya pili. Kuondoa mafuta na kulinda

Tepu zote zimeondolewa kwanza, kwani unga uliojificha chini ya kingo zake ungetoka wakati wa kufuta. Baada ya kusuuza na kukausha, kila paneli ilifutwa kwa mchanganyiko wa alkoholi, moja baada ya nyingine, na palepale ikapakwa silanti, dawa inayoacha utando wa kuikinga klia. Kinga ya seramiki ingedumu zaidi, ila huganda haraka na sehemu iliyosahaulika bila kufutwa hugeuka alama ambayo huondolewa kwa kupolishi tena, jambo ambalo klia ya gari hili haihitaji. Nta ingevumilia mabaki ya mafuta ya polishi. Silanti na seramiki hazivumilii, hushika vyema kwenye klia tupu. Vioo, mipira, plastiki na matairi vimefuata mwisho, kwa kuwa dawa zake zikirukia rangi isiyolindwa huzuia silanti kushika. Gari halitaguswa na maji mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite.

Kilichobaki ni pembe ya chini ya bampa ya mbele, ambayo rangi yake imepasuka na kuanza kubanduka. Polishi haiwezi kuunganisha klia iliyopasuka, na pembe hiyo nilikuwa nimeizungushia tepu tangu mwanzo. Hapo mpangilio utakuwa mwingine: kupakwa rangi kwanza, kusubiri kwa wiki kadhaa kadiri fundi wa rangi atakavyoelekeza ili viyeyusho viishe kutoka, kujaribu upya kwa dawa laini kwa sababu rangi mpya huwa laini, na silanti kuja baada ya hayo yote, kwa maana ikipakwa mapema huzuia viyeyusho hivyo kutoka. Vipimo vya paneli zote, vya kabla na vya baada, vimeandikwa na kubandikwa ndani ya kifuniko cha buti, ili atakayepolishi gari hili siku nyingine asianze kwa kubahatisha.